Jumanne ya Viraka: Kompyuta Ipi Izibwe Kwanza

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za makao yake makuu huko Redmond, Marekani, kampuni ya Microsoft hutoa kwa mkupuo viraka vya usalama vya programu zake. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa mbili usiku, au saa tatu pale Wamarekani wanapokuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, kwa hiyo ofisi nyingi za Afrika Mashariki hukutana na viraka hivyo Jumatano asubuhi. Kiraka ni kipande cha programu kinachoziba mwanya, yaani kosa lililofanywa na waandishi wa programu ambalo mvamizi anaweza kulipitia akaiba taarifa, akaharibu mafaili au akaitawala mashine nzima. Mwezi wa kawaida huleta makumi ya mianya, na ipo miezi ambayo idadi huvuka 100. Shirika lenye kompyuta 300 na seva 20 haliwezi kuziba kila kitu kila mahali kwa usiku mmoja. Lazima liamue nini kitangulie na nini kingoje, na uamuzi huo una uzito kuliko wakubwa wengi wa ofisi wanavyodhani.

Zamani viraka vilitoka siku yoyote, na mafundi walivipokea kama mvua isiyo na msimu. Tarehe 25 Januari 2003 programu hasidi iliyoitwa Slammer, yenye ukubwa wa baiti 376 tu, ilizivamia seva za hifadhidata za SQL Server na kuwafikia karibu wahanga wake wote duniani katika muda wa dakika 10. Kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Agosti 2003 ikaja nyingine, Blaster, iliyozifanya kompyuta zijizime na kujiwasha zenyewe mbele ya watumiaji. Hiyo nayo ilikuta kiraka kina siku 26. Dawa ilikuwepo dukani, wagonjwa hawakuinywa, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna aliyejua siku ya kuitarajia. Oktoba 2003 Microsoft ikaanza ratiba ya Jumanne ya pili. Siku hiyo humwachia fundi Jumatatu ashughulikie yaliyoharibika mwisho wa juma, kisha humpa siku za kazi za kutosha kujaribu viraka kabla ya Jumamosi. Adobe na SAP nazo hutoa viraka vyao Jumanne hiyohiyo, Oracle kwa awamu za robo mwaka, na Google imekuwa ikitoa taarifa za usalama za Android kila mwezi tangu Agosti 2015.

Ratiba inayojulikana, hata hivyo, inajulikana na wote. Kiraka kikishatoka, mvamizi huchukua faili la zamani na faili jipya, akayalinganisha, na tofauti kati yake humwonyesha mwanya ulikuwa wapi. Huhitaji kuwa gwiji aliyeugundua mwanya huo. Inatosha kuwa na subira ya kusoma kilichobadilishwa. Kwa hiyo usiku ule ambao mlinzi anapewa kiraka ndio usiku ambao mshambuliaji anapewa ramani, na tangu hapo mashine isiyozibwa huwa katika hatari kubwa kuliko ilivyokuwa wiki moja kabla.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa kiraka nambari MS17-010, kilichoziba mwanya katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kupashana mafaili ndani ya mtandao wa ofisi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana za udukuzi zilizotoka katika shirika la ujasusi la Marekani la NSA, na moja ya zana hizo ilipita katika mwanya huohuo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei programu hasidi ya WannaCry ikaanza kusambaa. Ilifunga mafaili ya watu, ikadai malipo ili iyafungue, na ikaruka yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Nchini Uingereza, karibu theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma za England zilivurugika. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, miadi maelfu ikafutwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kati ya kiraka na balaa zilipita siku 59. Sehemu kubwa ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, toleo ambalo wakati huo bado lilikuwa likipewa viraka kila mwezi. Hazikuwa chakavu kupita kusaidiwa. Ziliachwa tu.

Mtu anayepewa orodha ya mianya 100 hutafuta haraka namba ya kumwongoza, na namba ipo. Mfumo wa CVSS, unaosimamiwa na shirika la kimataifa la FIRST, huupa kila mwanya alama kati ya 0 na 10 kwa kuangalia unafikiwa kwa njia gani, unahitaji ujuzi kiasi gani na unaleta madhara gani. Alama ya 9 na kuendelea huhesabiwa kuwa hatari kupindukia. Microsoft nayo ina ngazi zake nne za ukali. Ofisi nyingi huishia hapo: hupanga orodha kuanzia alama ya juu kushuka chini, na kuanza kuziba. Utaratibu huo unaonekana wa busara, lakini huwapotosha watu mara nyingi, kwa kuwa alama hupima ubaya wa mwanya wenyewe bila kujua kama kuna mtu anayeutumia wala kama umo katika mashine za ofisi inayohusika.

Viraka vya tarehe 11 Aprili 2023 vinaonyesha jambo hilo vizuri. Mwezi huo ulikuwa na mianya karibu 100. Mmoja wao, katika huduma ya Windows ya kupanga ujumbe foleni, ulipata alama 9.8. Mwingine, katika sehemu inayotunza kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, ulipata 7.8 tu. Anayefuata alama angeanza na ule wa kwanza na kuuacha wa pili hadi wiki ijayo. Lakini huduma ile ya foleni haiwashwi katika Windows mpaka mtu au programu iiwashe kwa makusudi, ilhali mwanya wa 7.8, uliobainishwa na watafiti wa kampuni ya Kaspersky, ulikuwa tayari unatumiwa na genge lililosambaza programu hasidi ya Nokoyawa ya kufunga mafaili na kudai malipo. Mvamizi aliyekwisha kuingia kwa mlango mdogo, kwa mfano kupitia akaunti ya karani, aliutumia kujipandisha cheo hadi kuwa msimamizi wa mashine. Katika wiki ile, 7.8 ilikuwa mbaya kuliko 9.8.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza linapaswa kuwa: je, mwanya huu unatumiwa sasa hivi? Jibu linapatikana bila malipo. Microsoft yenyewe huandika katika taarifa ya kila mwanya kama umeshatumiwa, na tangu 2008 huongeza makadirio ya uwezekano wa kutumiwa. Wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, tangu Novemba 2021 umekuwa ukichapisha orodha ya mianya ambayo imethibitika kutumiwa na wavamizi, na ofisi za kiraia za serikali kuu ya nchi hiyo hulazimika kuiziba kwa tarehe inayotajwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache. FIRST nayo ina kipimo kingine, EPSS, kinachokadiria uwezekano wa mwanya kutumiwa katika siku 30 zijazo. Kati ya makumi ya maelfu ya mianya inayosajiliwa duniani kila mwaka, ni sehemu ndogo tu inayowahi kutumiwa kushambulia watu. Kuijua sehemu hiyo ndogo ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili inahusu mashine zenyewe, na hapa kuna badiliko ambalo baadhi ya mafundi wa siku nyingi hawajalizoea. Zamani fundi aliweza kuchagua kiraka kimoja kimoja, akiweka hiki na kukiacha kile. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 ilileta furushi moja la kila mwezi lenye viraka vyote, vya mwezi huo na vya miezi iliyopita. Kuanzia Oktoba 2016 matoleo ya zamani zaidi nayo yaliingizwa katika mtindo huo. Furushi hilo huwekwa zima au haliwekwi. Hivyo katika Windows yenyewe hakuna tena mjadala mrefu wa kiraka kipi kitangulie. Mjadala uliobaki ni mashine ipi itangulie, na orodha ya mianya husomwa ili kujua ni kundi gani la mashine limeguswa vibaya zaidi mwezi huo.

Kundi la mbele kabisa ni seva zinazoonekana kutoka nje: seva ya baruapepe, tovuti, na mtambo unaowaruhusu wafanyakazi kuingia katika mtandao wa ofisi wakiwa nyumbani. Mashine hizi hugongwa mlango na watu wasiojulikana usiku na mchana. Machi 2021 Microsoft ililazimika kutoa viraka vya seva za baruapepe za Exchange nje ya ratiba, tarehe 2 ya mwezi, kwa kuwa wavamizi walikuwa wameshaanza kuingia. Siku zilizofuata makundi mengine mengi yalijitosa. Kiraka cha namna hiyo hakingoji Jumanne wala kikao cha menejimenti.

Nyuma yake ipo seva ambayo haionekani kutoka nje lakini imeshika funguo zote: ile inayosimamia majina na nywila za wafanyakazi wote na kuamua nani aingie wapi. Agosti 2020 kilitolewa kiraka cha mwanya uliopewa jina la Zerologon, wenye alama 10 kamili. Mtaalamu wa kampuni ya Secura ya Uholanzi aligundua kwamba kosa katika hesabu za usimbaji liliiwezesha kompyuta yoyote iliyo ndani ya mtandao kutuma sifuri tupu mahali pa uthibitisho na, kwa wastani, kukubaliwa mara moja katika kila majaribio 256. Majaribio hayo yalichukua sekunde chache. Aliyefaulu aliweza kujifanya seva hiyo yenyewe, na kwa njia hiyo kumiliki shirika zima. Tarehe 18 Septemba CISA iliziagiza ofisi za serikali ya Marekani kuweka kiraka kabla ya Jumatatu iliyofuata kwisha, amri ya siku tatu tu. Seva ya nywila kwa kawaida huwa mbilimbili au zaidi, na hilo ni jambo la kushukuru: moja inaweza kuzimwa na kuwekwa kiraka huku nyingine ikiendelea kuhudumia watu.

Seva za kazi za ndani, kama za mishahara, stoo au hifadhidata, mara nyingi zinaweza kufuata baada ya siku kadhaa, kwa kuwa mvamizi hawezi kuzifikia moja kwa moja kutoka nje. Tatizo lake ni kuzimwa. Seva ya mishahara haizimwi tarehe 28 ya mwezi, na ya hospitali haizimwi bila wauguzi kujua. Hapo ndipo ratiba ya matengenezo inapohitajika, iliyokubaliwa mapema na wenye kazi, ili fundi asianze kubembeleza kila mwezi upya.

Kompyuta za watumiaji ndizo hudharauliwa zaidi, pengine kwa kuwa kila moja ina thamani ndogo ikilinganishwa na seva. Lakini ndizo zinazofungua viambatisho, kuperuzi tovuti na kupokea ujumbe kutoka kwa watu wasiojulikana. Machi 2023 uliibuka mwanya katika Outlook, programu ya baruapepe iliyomo katika kompyuta za kawaida, wenye alama 9.8. Mvamizi alituma ujumbe wa miadi wenye mlio wa kumbusho uliohifadhiwa katika seva yake. Outlook ilipokwenda kuutafuta mlio huo, ilimkabidhi alama za siri za mtumiaji, hata kabla ya ujumbe kufunguliwa. Taarifa ya kwanza ilitoka kwa kitengo cha dharura za mtandao cha Ukraine, ambako mwanya huo ulikuwa umetumika. Mwezi huo, kompyuta ya mkurugenzi na ya mhasibu zilistahili kutangulia mbele ya seva nyingi za ndani. Vivyo hivyo kivinjari: Chrome na Edge hujisasisha zenyewe, lakini kiraka hakifanyi kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya, na wapo watu wenye vichupo 60 ambao hawajakifunga tangu mwezi uliopita.

Afrika Mashariki ina kizuizi chake hapa. Kompyuta mpakato nyingi hupata intaneti kwa bando la simu, na Windows, ikiambiwa kwamba muunganisho unalipiwa kwa kipimo, huahirisha kupakua sehemu kubwa ya masasisho. Mwenye mashine huona ameokoa fedha, kumbe anakaa miezi bila kiraka. Ofisi inaweza kupunguza gharama kwa kuwasha mpango uliomo ndani ya Windows unaoruhusu kompyuta zilizo pamoja kugawiana furushi, kila moja ikichukua vipande kutoka kwa jirani yake badala ya kulipakua lote upya. Mfanyakazi wa nyanjani naye apangiwe siku ya kufika ofisini au apewe bando la kazi hiyo. Bei ya gigabaiti chache haiwezi kulinganishwa na bei ya mafaili ya mwaka mzima.

Ipo hofu ya haki kwamba kiraka chenyewe kinaweza kuharibu. Tarehe 11 Januari 2022 furushi la mwezi lilizifanya baadhi ya seva za nywila zijizime na kujiwasha mfululizo, likazuia mashine pepe kuwaka katika baadhi ya seva, na kukata baadhi ya miunganisho ya wafanyakazi walio mbali. Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura tarehe 17. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, ambalo halikuwa kiraka cha Microsoft, liliangusha mashine zipatazo milioni 8.5 za Windows, likasimamisha ndege na benki. Liliondolewa baada ya dakika 78, lakini lilikuwa limeshatumwa kwa wateja wote kwa wakati mmoja, na mashine nyingi zilihitaji kuponywa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Kinga ya hilo ni kwenda kwa mawimbi. Wimbi la kwanza huwa mashine chache za idara ya TEHAMA yenyewe, Jumatano. Siku moja au mbili baadaye hufuata kundi dogo lenye mtu mmoja au wawili kutoka kila idara, ili programu ya mhasibu na printa ya stoo zijaribiwe na watu wanaozitumia kweli. Pakiwa shwari, furushi huenda kwa wote wiki inayofuata. Nakala rudufu huchukuliwa kabla ya kugusa seva yoyote. Mpango wa Cyber Essentials wa Uingereza unadai mianya mikali izibwe ndani ya siku 14, na mwongozo wa serikali ya Australia unadai saa 48 pale mwanya unapokuwa mkali au njia ya kuutumia inapokuwa ipo tayari. Ofisi isiyofungwa na sheria hizo inaweza kuzichukua kama kipimo. Kinachopaswa kuandikwa wazi ni nani ana mamlaka ya kuruka mawimbi yote pale mwanya unapokuwa unatumiwa, maana usiku wa dharura si wakati wa kumtafuta mtu wa kutia saini.

Zipo mashine ambazo kiraka hakitawahi kuzifikia. Windows XP iliacha kupewa viraka Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtambo wa picha za eksirei unaotegemea toleo la zamani hautupwi kwa sababu hiyo. Hutengwa katika kijimtandao chake, bila intaneti, ukizungumza na seva moja tu inayouhitaji. Nakala rudufu iliyo nje ya mtandao ndiyo ngome ya mwisho. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya, iliyopita katika mwanya uleule wa WannaCry na pia kuiba nywila ili iingie hata katika mashine zenye kiraka, ilifuta seva za nywila za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Ilibaki moja, huko Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mashine ilikuwa nje ya mtandao. Diski yake ilipelekwa kwa ndege hadi Nigeria, mfanyakazi mwingine akaipokea uwanjani na kusafiri nayo hadi London. Maersk iliokolewa na kukatika kwa umeme. Hakuna shirika linalopaswa kutegemea bahati kama hiyo.

Kazi haiishi kwa kutuma furushi. Ripoti huweza kusema kiraka kimewekwa kumbe mashine inangoja kuzimwa na kuwashwa, na mashine isiyo kwenye orodha ya mali haitokei katika ripoti yoyote. Tarehe 7 Machi 2017 kilitangazwa kiraka cha Apache Struts, programu inayoendesha tovuti nyingi. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza rekodi za mikopo ya watu, iliwaagiza wafanyakazi wake tarehe 9 Machi wakiweke ndani ya saa 48. Tarehe 15 ikakagua mifumo yake, na ukaguzi haukuona tovuti moja ya malalamiko ya wateja ambayo haikuwa imezibwa. Wavamizi waliipitia kuanzia katikati ya Mei na kukaa ndani hadi mwisho wa Julai, wakachukua taarifa za watu wapatao milioni 147. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huo, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575. Agizo la kuweka kiraka lilikuwa limetolewa kwa wakati.